Heels Nyeusi kwa Kila Bajeti: Rada Kamili ya Warembo wa Kitui na Makueni

Simu za interview ziko na tabia mbaya. Huingia Alhamisi jioni ukikula zako muthokoi, unaambiwa uko mbele ya paneli Jumatatu saa mbili asubuhi, na kwa keja uko na raba moja, patipati na doll shoes zimetoboka kwa kidole. Hapo ndio mtu hukimbia soko, anaokota kiatu chochote cheusi chenye kisigino, analipa bila kuuliza maswali, halafu Jumatatu anaingia kwa hiyo ofisi akitembea kama kuku amekanyaga makaa. Doo imeenda, miguu inachoma, na ile confidence ulikuwa umejenga wikendi mzima imebaki kwa ngazi.

Haifai kuwa hivyo. Heels nyeusi ni kiatu kimoja chenye kinafanya kazi ya viatu vitano: interview, graduation, kanisa, harusi na matanga. Ukichagua poa mara moja, umetulia miaka. Tumekupangia hii makala kwa mfuko, kuanzia mwenye ako na rwabe kadhaa hadi mwenye mshahara wa kwanza umeingia. Bei hucheza kulingana na soko, msimu na mdomo wako, so chukua hizi namba kama za kupanga tu.

"Classic" ni gani hasa?

Kwa soko za kwetu ukisema unataka heels za "official", muuzaji ataelewa mara moja. Ni kiatu kilichofungwa mbele, pua ya duara ama iliyochongoka kidogo, bila maua, bila cheni, bila glita. Kisigino ni kati ya sentimita 5 na 7. Mkanda wa kifundo ni sawa kama ni mwembamba. Hiyo ndio shepu imekataa kuzeeka. Mamako akiangalia picha zake za zamani, kuna kitu kama hicho hapo.

Na kwa nini nyeusi? Juu inakubali suti ya kijivu, kitenge, gauni ya graduation na ile dress ya maua uko nayo. Pia nyeusi husamehe. Kiatu cha beige kikikwaruzwa na mlango wa matatu, kimeisha. Cheusi unapaka kiwi, safari inaendelea.

Kastori kadogo: visigino havikuanza na wanawake. Wanaume wapanda farasi wa Uajemi ndio walivivaa, juu kisigino hushika ile chuma ya kukanyagia kwa tandiko. Wazungu wakavikopa miaka ya 1600, hadi mfalme Louis XIV wa Ufaransa akawa anadunga zenye visigino vyekundu. Zile nyembamba kama sindano, stiletto, zilishika miaka ya 1950, watengenezaji kama Roger Vivier walipoanza kuzitoa. Stiletto ni neno la Kiitaliano la kisu kidogo. Siri yake ni chuma ndani ya kisigino. Shika hiyo point ya chuma, tutairudia tukifika kwa bei.

Ardhi ya kwetu haina huruma

Video nyingi za TikTok za heels zimepigwa kwa tiles. Wewe unatoka Kwa Vonza, Mutomo, Kibwezi ama Mbooni. Kuna mchanga, kuna changarawe, kuna vumbi nyekundu, na huko Mbooni na Kilungu kuna miteremko yenye hata mbuzi hufikiria mara mbili.

Piga hesabu na mimi. Mdem wa kilo 60 akikanyaga kisigino cha stiletto chenye ncha ya sentimita moja mraba, kwa ile sekunde uzito wote uko hapo, hiyo sentimita inabeba kilo 60. Akivaa kisigino kipana cha sentimita 4 kwa 4, kila sentimita inabeba chini ya kilo 4. Ndovu wa Tsavo, na ukubwa wake wote, akisimama anaweka kama kilo moja kwa kila sentimita, juu nyayo zake ni kubwa kama sinia. Hiyo inamaanisha stiletto yako inachimba mchanga kushinda ndovu. Ndio maana unazama.

So chagua kisigino kulingana na mahali utakanyaga:

- Kisigino kipana: Mfalme wa Ukambani. Hushikilia kwa changarawe, nyasi na cabro. Kama unanunua moja tu, nunua hii.
- Kisigino kifupi chembamba, kama sentimita 3 hadi 5: Poa kwa ofisi na kwa mtu hajazoea urefu. Kwa mchanga bado kitazama kidogo.
- Wedge: Soli imeshikana na kisigino. Haizami kabisa, lakini kwa interview nyingine huonekana kama ya kutoka lunch. Chukua yenye imefunikwa nyeusi yote, si ile ya kamba za sisal.
- Stiletto: Ya ukumbi, hoteli na picha. Kwa cabro, zile nafasi katikati ya tofali hushika ncha na kiatu kinabaki nyuma wewe ukienda. Kwa uwanja wa nyasi kama Ithookwe, pale Kitui, penye Mashujaa Day ya 20 Oktoba 2025 ilifanyika, utasimama ukichimba mashimo.

Ujanja wa wenye wanajua: heels zinasafiri kwa begi. Panda nduthi ukiwa na doll shoes ama hata akala, badilisha ukifika getini. Kisigino hunasa kwa kikanyagio cha pikipiki, na ile exhaust ikiguswa na ngozi bandia inayeyusha mara moja.

Chini ya 500: mtumba, na macho manne

Usione aibu. Mtumba ndio umevalisha nusu ya hizo ofisi unaogopa kuingia. Mzigo huingia kupitia bandari ya Mombasa, mwingi unapitia Gikomba Nairobi, halafu wauzaji wa Kalundu, Mwingi, Emali na Wote wanachukua zao. Zile safi za kwanza zikitolewa tu kwa gunia huitwa kamera. Zile za mwisho, zimechokorwa na kila mtu, ni fagia. Ukirauka siku mzigo unafunguliwa unapata kamera. Ukija jioni unapata bei ya kutupa, lakini uko kwa fagia. Uliza muuzaji wako siku gani hufungua, na umuachie namba yako na saizi. Wengi wataku-WhatsApp picha kabla ya kuweka mezani.

Kabla utoe hata bob, fanya hizi test sita:

1. Bonyeza soli na kucha. Soli zingine za poliurethani, ile plastiki nyepesi kama povu, huoza pole pole zikikaa miaka kwa stoo, hata kama hazijawahi kuvaliwa. Unyevu ndio huzivunja. Ikibonyea kama mkate ama inatoa unga, wachana nayo. Itakatika ukiwa umevaa.
2. Weka kwa kitu tambarare. Kiatu kikitingika, kisigino kimepinda.
3. Shika kisigino, sukuma mbele na nyuma. Kikicheza, msumari wa ndani umelegea. Fundi anaweza kurudisha, lakini bei lazima ishuke.
4. Linganisha visigino viwili. Kama kimoja kimeisha upande, mwenye alikuwa nacho alikuwa anatembea hivyo, na kitakuvuta huko.
5. Soma namba za viatu vyote viwili. Kuna siku utapewa 38 ya kushoto na 39 ya kulia na tabasamu.
6. Ingiza mkono hadi mbele. Tafuta msumari unatokeza, kitambaa kimeraruka, ama shimo la kidole cha mtu mwingine.

Halafu bargain kwa heshima. Muuzaji akiwa mama mkubwa, ongea naye kama mamako:

"Mwaitu, hii ni ngapi?"

"Mia tano, mrembo wangu. Hiyo ni ngozi."

"Mia tano nitaacha chakula. Angalia hapa kisigino kimeisha, lazima nipitie kwa fundi. Nikupe mia mbili unusu."

"Leta mia tatu hamsini, na usiambie mtu."

Usitumie 500 yote kwa kiatu. Lipa 300 hivi, ubakishe rwabe ya fundi abadilishe ile mipira ya chini ya visigino, apake gundi, ashone mahali pameachana. Kiatu cha mtumba kimepitia kwa fundi ni kiatu kipya chenye historia.

500 hadi 1,500: hapa ndio watu huchomeka

Hii bajeti iko na mtego. Utaona heels mpya kabisa, zinang'aa, ziko kwa boksi, zimetoka Eastleigh, na kando yake mtumba wa ngozi wa bei hiyo hiyo. Macho yanakuvuta kwa boksi. Ngoja kwanza.

Nyingi za mpya za bei ya chini ni kitambaa kimepakwa plastiki juu. Mahali mguu hukunja, hiyo plastiki hupasuka halafu inaanza kubambuka kama ngozi ya nyoka. Ikibambuka hakuna kiwi itakuokoa. Na kisigino chembamba cha bei ya chini kinaweza kuwa plastiki tupu, bila ile chuma tuliongea juu yake. Siku kitakatika haitakutumia SMS.

Test za mpya: kunja mbele kidogo na uangalie kama mistari myeupe inatokea. Gonga kisigino na kucha, na kama ni chembamba na kinalia kitupu, kirudishe. Angalia gundi pembeni mwa soli: ikiwa imemwagika ama kuna nafasi, kiatu kiliundwa haraka. Vuta soli ya ndani pole pole, ikitoka yote na vidole viwili, imekaliwa tu na mate.

Ngozi halisi utaijua aje? Iko na vishimo vidogo visivyolingana, ukibonyeza inakunja mikunjo midogo, na kingo zake zikionekana ziko na nyuzi nyuzi. Bandia iko smooth kila mahali na kingo zake ni kama karatasi ya plastiki imekatwa na makasi.

Uamuzi wetu kwa hii bajeti: mtumba kamera wa ngozi na kisigino kipana unashinda mpya ya plastiki, kila siku ya wiki. Kama roho yako inakataa mtumba kabisa, sawa, chukua mpya yenye kisigino kipana, si chembamba.

1,500 hadi 3,500: duka ama mtandaoni

Hapa sasa unaweza kudai vitu. Dai soli ya ndani yenye sponji inarudi ukibonyeza. Dai mgongo wa kiatu umeimarishwa, haulali ukiufinya. Dai soli ya chini ya mpira wenye mistari, juu tiles za hizo ofisi na za kanisa zikipigwa maji huwa barafu.

Ukinunua mtandaoni, hizi ndio sheria:

- Uliza picha ama video ya kiatu chenyewe, leo, si picha ya Pinterest.
- Uliza urefu wa soli ya ndani kwa sentimita. Muuzaji anayejibu tu "iko true to size" hajapima.
- Lipa ukipata mzigo, kama anakubali. Kama anataka doo kwanza juu uko mbali, angalia page imekaa muda gani na watu wanasema nini kwa comments. Page yenye comments zimefungwa, jitoe.
- Uliza kabla: zikikosa kunitosha, nani analipa fare ya kurudisha? Parcel ya matatu kutoka Nairobi hadi Kitui na kurudi inaweza kumeza ile discount yote.

Kama uko upande wa Emali, Kibwezi ama Mtito Andei, uko Mombasa Road na SGR imekupitia, so kwenda kujaribu kiatu mjini na kurudi si ndoto. Mguu wako ndani ya kiatu unashinda picha elfu.

4,000 kuenda juu: mshahara umeingia

Sasa unanunua ngozi halisi, juu na ndani, kisigino kilichofunikwa vizuri na soli imeshonwa ama kugundiwa kwa ustadi. Kenya ina watengenezaji wake pia. Bata wako na kiwanda Limuru, na mafundi wa ngozi wa Kariokor Nairobi wanajulikana kwa kazi ya mkono.

Usiangalie bei ya kununua, angalia bei ya kila siku umevaa. Heels za 4,500 ukizivaa mara tatu kwa wiki miaka miwili, hiyo ni kama mara 300. Kila mara umelipa bob 15. Zile za 900 zikikufa baada ya mara 20, kila mara umelipa bob 45. Nani alinunua ghali?

Lakini hiyo hesabu inakula pande zote. Kama unavaa heels mara mbili kwa mwaka, harusi na Krisi, ngiri nne na unusu ni kujionyesha tu. Rudi kwa mtumba, tumia hiyo ingine kwa rent.

Na hii tunasema polepole: usifulize kiatu. Fuliza iko na ada ya kila siku, na heels za 3,000 zikikaa wiki mbili bila kulipwa si za 3,000 tena. Ukiwa SEKU na roommate wako ako saizi moja na wewe, changeni mnunue moja poa, mgawane siku. Poda kidogo ndani, kila mtu anafunga soksi nyepesi, hakuna stori. Zile za soli nyekundu za Christian Louboutin huuzwa mamia ya dola, so ukiuziwa yenye soli nyekundu kwa ngiri mbili, umenunua rangi. Na hakuna paneli ya kazi itakuambia ugeuze kiatu.

Saizi bila kubahatisha

Weka karatasi chini, simama juu yake na uzito wote, chora mguu, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi. Pima jioni, juu na joto la kwetu mguu huvimba mchana. Pima yote miwili, utumie ule mkubwa. Halafu ongeza 1.5, zidisha mara 1.5. Hiyo ndio namba ya Ulaya, ile iko kwa viatu vingi sokoni:

- Sentimita 23: saizi 37
- Sentimita 24: saizi 38
- Sentimita 25: saizi 40
- Sentimita 26: saizi 41

Kiatu chenye pua imechongoka sana, panda nusu ama saizi moja, juu vidole havifiki pale mbele. Ukisimama, vidole visikunje, na kisigino chako kisitoke ukitembea. "Itapanuka" ni wimbo wa muuzaji. Ngozi hupanuka kidogo kwa upana, urefu haubadiliki. Plastiki haipanuki, inakupanua wewe.

Urefu nao uko na ujanja wake. Kisigino cha sentimita 10 chenye soli ya mbele ya sentimita 3 kinakaa mguuni kama cha sentimita 7. Hiyo tofauti ndio mguu wako husikia.

Usizindue kiatu siku ya vita

Vaa ndani ya nyumba na soksi nene dakika 20 kila jioni, siku tatu nne. Sugua soli mpya na msasa ili isiteleze. Beba plasta mbili kwa begi. Vidole vikifa ganzi, ama mfupa wa kando ya kidole gumba unauma hata ukivua, hicho kiatu si chako, hata kama ni cha zawadi. Na kama mguu wako haupatani na heels kabisa, kiatu cheusi cha chini, safi, kimepakwa kiwi, kinaingia ofisi yoyote. Mtu anayetembea akiwa sawa hushinda mtu mrefu anayelia ndani.

Ziishi miaka

- Pangusa vumbi na kitambaa chenye unyevu kabla ya kiwi. Ukipaka juu ya vumbi unasugua mchanga kwa ngozi.
- Zile zinang'aa kama kioo hupanguswa tu, kiwi haifanyi kitu. Zile za manyoya laini hukusanya vumbi ya Ukambani yote, so ziache kama unatembea sana. Ukiwa nazo, tumia mswaki mkavu.
- Usianike kwa jua. Jua la Kitui linalainisha gundi na kukausha ngozi. Jaza magazeti ndani, weka kivulini.
- Ukianza kusikia ka-ka-ka kwa tiles, mpira wa kisigino umeisha na msumari uko nje. Nenda kwa fundi hiyo wiki. Ukingoja, kisigino chenyewe kinaanza kuliwa, na hiyo ni bei ingine kabisa.

Ukiwa na haraka, shika hizi tu

Kisigino kipana, sentimita 5 hadi 7, pua imefungwa, hakuna madoido. Chini ya 500, mtumba na rwabe ya fundi. Hadi 1,500, mtumba kamera wa ngozi kabla ya mpya ya plastiki. Hadi 3,500, jaribu mguuni ama dai sentimita. Kutoka 4,000, nunua tu kama utavaa kila wiki. Pima mguu jioni, usifulize, na heels zisafiri kwa begi.

Interview ikiitwa, uende ukifikiria majibu, si miguu.